Obama kabla ya Boston: je, useneta wa jimbo la Illinois ndio uliomjenga, au alipita njia tu?

#1 Mtazamo_Kusini

Wakuu, salaam.

Kila tunapomzungumzia Barack Obama tunaanzia Boston, tarehe 27 Julai 2004, aliposimama mbele ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic na watu wakaulizana huyu ametokea wapi. Alikuwa ametokea Springfield, mji mkuu wa jimbo la Illinois, ambako alikuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo tangu Januari 1997. Hata usiku ule wa Boston alikuwa bado ni seneta wa jimbo, mmoja kati ya 59, akiwakilisha Wilaya ya 13 ya Chicago.

Nadai kwamba ni miaka ile ya Springfield iliyomfanya mwanasiasa, wala si Harvard, wala si kipaji cha kuhutubia peke yake. Kwa miaka sita ya kwanza chama chake kilikuwa upande wa wachache, na Rais wa Seneti, Pate Philip wa Republican, aliweza kuufungia mswada wowote ndani ya Kamati ya Kanuni usionekane tena. Aliyetaka kupitisha jambo katika mazingira hayo hakuwa na budi kukaa meza moja na wapinzani wake. Ndivyo alivyofanya mwaka 1998, aliposhirikiana na Kirk Dillard wa Republican kupitisha sheria ya kubana zawadi kwa watunga sheria na kuwazuia kutumia fedha za kampeni kwa mahitaji yao binafsi.

Swali langu ni hili: ni jambo gani hasa katika kazi ile lililomfikisha alikofika? Anayeona kwamba hakuna, naye aseme, ila kwa ushahidi.

#2 Nyanza_Juu

Ahsante kwa uzi huu, mkuu. Mimi niko Kisumu, na nakumbuka vizuri jinsi tulivyosherehekea tarehe 6 Novemba 2008, siku ambayo Rais Kibaki aliitangaza kuwa ya mapumziko kwa taifa zima. Tuliimba juu ya baba yake, juu ya Kogelo, juu ya bibi yake. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyetaja Springfield.

Hata hivyo sikubaliani na dai lako. Kipaji alikwenda nacho. Machi 1997, alipousimamia mswada wake wa kwanza ukumbini, seneta mwenzake wa chama kilekile, Rickey Hendon wa Chicago, alisimama na kumtaka alitamke jina lake sawasawa, kisha akamuuliza kama jina hilo ni la Kiairishi. Obama akajibu kwamba litakuwa la Kiairishi siku atakayogombea kaunti nzima. Ukumbi wote uliyasikia hayo, na yako kwenye kumbukumbu rasmi za kikao. Mtu aliyeingia juzi, anayefanyiwa dhihaka juu ya jina la ukoo wake mbele ya wakongwe, akaweza kujibu hivyo papo hapo bila kukasirika, hakufundishwa na Bunge lolote. Ulimi ule ni wa kwetu Nyanza, na nausema bila haya.

#3 Hesabu_Kwanza

Nyongeza ya tarehe, ili tusije tukabishana juu ya hewa. Aliapishwa tarehe 8 Januari 1997 na kujiuzulu Novemba 2004, baada ya kushinda kiti cha Seneti ya Marekani. Kwa hiyo hakutimiza miaka minane kamili. Alichaguliwa mara tatu, 1996, 1998 na 2002, kwa sababu vipindi vya maseneta wa Illinois havilingani. Ndani ya kila miaka 10 kila kiti hupata kipindi kimoja cha miaka miwili na viwili vya miaka minne, na Obama alianza na kile kifupi.

Halafu kazi yenyewe haikuwa ya mwaka mzima. Katika kipindi chote hicho aliendelea kufundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago, akisafiri takriban kilomita 320 kwenda vikaoni. Tunapouliza kazi hiyo ilimjenga kiasi gani, tukumbuke kwamba ilikuwa sehemu tu ya wiki yake.

#4 Mgombea_Mstaafu

Nyote mnaanzia ukumbini, na mimi nataka kuanzia mlangoni, kwa sababu namna mtu anavyoingia katika kiti hueleza mengi juu ya safari nzima.

Kiti kile kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995 mbunge wa Marekani wa eneo hilo, Mel Reynolds, alipatikana na hatia mahakamani na nafasi yake ikabaki wazi. Palmer akaamua kuigombea, naye akamuunga mkono Obama achukue kiti chake cha Seneti ya jimbo. Novemba mwaka huohuo Palmer alishindwa vibaya, aliyeshinda akiwa ni Jesse Jackson mdogo, na wafuasi wake wakaanza kumwomba Obama ajitoe ili mama arudi kitini. Obama alikataa. Palmer akakusanya saini za wapiga kura kwa haraka ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura za mchujo. Zilihitajika 757, naye alipeleka zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Watu wa Obama walikwenda katika ofisi za uchaguzi, wakaipitia saini moja baada ya nyingine, wakaweka mapingamizi: huyu si mkazi wa wilaya hii, huyu hayumo kwenye daftari, huyu ameandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia saini. Palmer akajitoa. Wagombea wengine watatu nao wakaondolewa kwa njia hiyohiyo, na Machi 1996 Obama akapita katika mchujo bila kupingwa.

Niliwahi kugombea udiwani, nikaenguliwa kwa pingamizi la fomu: jina langu la kati lilikuwa limefupishwa kwenye karatasi moja na kuandikwa kirefu kwenye nyingine. Wananchi waliokuwa wamejiandaa kunichagua hawakupata nafasi ya kusema ndiyo wala hapana. Kwa hiyo nikisoma habari hii sioni ufundi wa kusifiwa. Naona mtu aliyefuata sheria hatua kwa hatua, na wapiga kura wa Wilaya ya 13 wakabaki na jina moja mbele yao. Hilo ndilo jibu langu kwa mwanzisha uzi: kazi ile ilijengwa juu ya mlango uliofungwa kwa wengine.

#5 Mwana_Chicago

Pole sana, mkuu wa #4. Maumivu ya kuenguliwa nayaelewa. Mimi naishi upande wa kusini wa Chicago miaka mingi sasa, na naomba niongeze mambo mawili.

La kwanza, katika jiji hili mapingamizi ya saini ni kawaida tangu zamani, na mashine ya chama, yaani mtandao wa vigogo wa Democratic, iliyatumia miaka nenda miaka rudi dhidi ya wagombea wasio wake. Mzee mmoja jirani yangu, aliyewahi kukusanya saini mlango kwa mlango, alinionyesha jinsi wanavyofanya: karatasi mezani, rula chini ya mstari, kalamu nyekundu mkononi, na daftari la wapiga kura pembeni, jina moja likikosa anwani sahihi, mstari unapita juu yake. Obama alikuwa mtu wa nje aliyeitumia silaha ya wenyeji.

La pili, tusisahau kwamba Palmer alikuwa ametangaza hadharani kwamba anaondoka. Obama alikuwa ameshaunda timu na kuchangisha fedha. Kumwambia arudi nyuma baada ya hapo, kwa sababu tu mwenye kiti ameshindwa kwingine, nako si haki. Watu wa mtaani kwetu wamegawanyika juu ya jambo hili mpaka leo, na Palmer mwenyewe alimuunga mkono Hillary Clinton mwaka 2008.

#6 Sheria_na_Haki

Hoja ya #4 ina uzito, ila ni hoja ya mwezi mmoja katika kazi ya miaka karibu minane. Mimi ningependa tupime kazi ya mtunga sheria kwa sheria alizotunga, na katika hizo iko moja inayonigusa kama wakili wa kesi za jinai.

Illinois ilikuwa na aibu kubwa. Tangu adhabu ya kifo irejeshwe huko mwaka 1977, jimbo lilikuwa limewaua kwa sindano watu 12, na katika kipindi hichohicho watu 13 waliohukumiwa kufa walikuwa wameachiliwa kwa sababu hukumu zao hazikusimama. Gavana George Ryan, ambaye ni wa Republican, akasimamisha utekelezaji mwaka 2000, na kabla ya kuondoka madarakani Januari 2003 akawabadilishia adhabu wafungwa 167. Baadhi ya kesi zile zilitokana na maungamo yaliyotolewa chini ya mateso katika vituo vya polisi. Obama alileta mswada wa kulazimisha mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji yarekodiwe kwa video au sauti. Polisi waliupinga, waendesha mashtaka waliupinga, na gavana mpya wa chama chake, Rod Blagojevich, naye hakuutaka mwanzoni.

Alikaa nao wote, akakubali mambo madogo ili kulinda lile kubwa, na mwisho Seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kuupinga. Gavana akausaini Julai 2003. Illinois ikawa ya kwanza Marekani kurekodi mahojiano hayo.

Ninaofanya nao kazi tumeona wateja waliosaini maelezo usiku wa manane bila kujua walichosaini. Sheria ya namna hiyo humwokoa mtu ambaye jina lake halitajulikana kamwe. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba alipita njia tu.

#7 Hesabu_Kwanza

Mkuu wa #6, neno “ya kwanza” lina mpaka wake. Alaska ilikuwa ikirekodi tangu 1985 na Minnesota tangu 1994, lakini huko ni mahakama kuu za majimbo zilizoamuru. Illinois ilikuwa ya kwanza kufanya hivyo kwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Mengine yote uliyosema yamesimama.

#8 Karani_wa_Bunge

Nilifanya kazi katika ukatibu wa bunge moja la kaunti nchini Kenya baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, na kutoka katika kiti hicho nawaambia kwamba nyote mmelisahau jina ambalo karani yeyote angeanza nalo. Jina hilo ni Emil Jones.

Tazameni kalenda. Tangu 1997 hadi mwisho wa 2002, Obama alipitisha mambo machache. Januari 2003 Democratic wakachukua Seneti, Jones akawa Rais wa Seneti, na ghafla Obama akawa mwenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, akabeba mswada wa kurekodi mahojiano, akabeba ule wa kuwataka polisi waweke kumbukumbu za rangi ya madereva wanaosimamishwa barabarani, akabeba upanuzi wa bima ya afya ya watoto. Mtu hawi hodari ghafla kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni nani anayegawa miswada. Jones mwenyewe alisimulia kwamba Obama alimfuata, akamwambia kuwa sasa ana mamlaka makubwa, ana uwezo wa kumfanya mtu kuwa seneta wa Marekani; Jones alipomuuliza kama ana mtu akilini, akajibu: mimi hapa. Maseneta wengine, waliokuwa wamehangaika na baadhi ya hoja hizo kwa miaka, walilalamika waziwazi kwamba zilipoiva alikabidhiwa mwingine.

Katika bunge letu la kaunti nilikuwa nikiona hoja ya mwakilishi mmoja ikikaa kwenye droo hadi karatasi inajikunja, na ya mwingine inaingia kwenye orodha ya shughuli asubuhi ileile aliyoileta. Wananchi waliona mmoja ni mvivu na mwingine ni mchapakazi. Sisi wa ofisini tulijua nani alikunywa chai na spika.

Na Jones hakuwa mgeni kwake. Walifahamiana tangu miaka ya 1980, Obama alipokuwa mratibu wa jamii huko Roseland na kuwaongoza wakazi kudai huduma karibu na nyumbani kwa Jones, ambaye kabla ya siasa aliwahi kuwa mkaguzi wa mifereji ya maji machafu ya jiji.

#9 Mpemba_Halisi

Assalaam alaykum. Nimefuatilia kwa makini, nami nina swali kwa mabwana wanaomsifu. Katika kura takriban 4,000 alizopiga Springfield, 129 hakusema ndiyo wala hapana. Alibonyeza kitufe cha “nipo”. Baadhi ya kura hizo zilihusu mambo mazito kama utoaji mimba. Hillary Clinton alimkaba kwa jambo hili katika kampeni za 2008. Kwetu Zanzibar, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi akiulizwa na wapiga kura wake alisimama wapi, hatarajiwi kuwajibu kwamba alikuwepo tu. Hii si dalili ya mtu anayechunga mguu wake usikanyage tope kwa sababu anajua atapita tena?

#10 Karani_wa_Bunge

Wa alaykumu s-salaam, sheikh. Kanuni za Illinois zinautaka mswada upate kura za ndiyo za zaidi ya nusu ya wajumbe wote waliochaguliwa, yaani 30 kati ya 59, hata kama waliomo ukumbini ni wachache. Kwa hiyo “nipo” huuzamisha mswada sawasawa na “hapana”. Kuhusu utoaji mimba, shirika la Planned Parenthood la huko, linalotetea haki ya kutoa mimba, lilieleza wazi kwamba ni lenyewe lililowaomba wajumbe wenye msimamo wake wapige “nipo” kwa pamoja, ili wale wanaogombea katika wilaya ngumu wasipate kuchafuliwa na matangazo.

#11 Mpemba_Halisi

Nimeyapokea maelezo ya kanuni. Lakini mkuu, wilaya yake haikuwa ngumu. Alikuwa akishinda kwa zaidi ya asilimia 80. Yeye alihitaji kujificha nyuma ya nani?

#12 Bibi_Maktaba

Wanangu, mmejadili kuingia na mmejadili kupanda, na hakuna aliyegusa kuanguka, ambako kwangu ndiko kwenye somo lenyewe la kazi ile.

Mwaka 1999 alichoka na Springfield, akaamua kumpinga Bobby Rush, mbunge wa Marekani na mwasisi wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, mjini Chicago. Seneta mwenzake Donne Trotter naye akaingia kwenye kinyang’anyiro. Oktoba mwaka huo kijana wa Rush alipigwa risasi, akafariki, na jiji zima likamwonea mzazi huyo huruma. Desemba, gavana Ryan akaliita Bunge la jimbo kwa kikao maalumu juu ya sheria ya silaha. Obama alikuwa Hawaii na familia yake, binti yake Malia, aliyekuwa bado mtoto mchanga, akaugua, akaamua asirudi. Mswada ukashindwa kwa kura chache. Hebu fikirini: mgombea wa upande wa kusini wa Chicago, katika msimu wa msiba wa risasi, amekosa kura ya silaha, na picha wanayoijua watu ni ya mtu aliye ufukweni. Magazeti yalimchambua bila huruma. Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, yeye 30.

Mimi ni mama na bibi, na sitamlaumu mzazi aliyekaa na mtoto mgonjwa. Lakini najua pia kwamba wapiga kura hawakukosea kumuuliza. Agosti ile alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodi gari, na hakuwa na kibali cha kuingia ukumbini. Baada ya miaka minne alikuwa ndiye mhutubu. Naona kilichobadilika ni kwamba alirudi Springfield akiwa amenyenyekezwa, akaanza kuifanya kazi ya jimbo kama kazi, na akaacha kuiona kama chumba cha kungojea.

#13 Mwana_Chicago

Bibi, shikamoo. Unyenyekevu ulikuwepo, nakubali, lakini ilikuwepo pia ramani, nayo naiona ina nguvu kuliko yote yaliyosemwa.

Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inasema Bunge likishindwa kuelewana juu ya mipaka ya wilaya za uchaguzi baada ya sensa, inaundwa tume yenye wajumbe sawa wa kila chama. Tume nayo ikikwama, jina la mjumbe wa ziada huokotwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1991 bahati iliwaangukia Republican, nao wakaishika Seneti kwa miaka 10. Huyo Pate Philip anayetajwa katika #1 aliupata ukubwa wake hapo. Mwaka 2001 Katibu wa Jimbo, Jesse White, alitia mkono ndani ya kofia ndefu iliyotengenezwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln, akatoa jina la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago na mtu wa Democratic. Mkono ungegusa karatasi nyingine, Emil Jones angebaki kiongozi wa wachache, na maelezo yote ya #8 yasingekuwepo.

Tena Obama mwenyewe alikaa na mtaalamu wa chama mbele ya kompyuta katika jengo moja la serikali huko Springfield na kuichora wilaya yake upya. Ile ya zamani iliingia ndani, magharibi, kwenye mitaa ya watu maskini. Ile mpya ilipanda kaskazini kufuata ufuko wa ziwa, ikatoka Hyde Park ikafika mpaka kwenye majengo ya matajiri ya Gold Coast. Weusi walibaki wengi ndani yake, lakini sasa alikuwa na wapiga kura wenye fedha, wenye majarida, wenye marafiki nchi nzima. Oktoba 2002, aliposimama uwanjani katikati ya jiji kuipinga vita ya Iraki, walioandaa mkutano ule walikuwa watu wa aina hiyohiyo. Mimi napita kwenye mipaka hiyo kila siku nikienda kazini, na tofauti kati ya ncha moja na nyingine unaiona kwenye madirisha ya maduka.

#14 Mtazamo_Kusini

Nashukuru kwa michango hii mizito. Nabaki na dai langu, lakini nalibana zaidi. Karani wa #8 anasema kilichobadilika ni mgawaji wa miswada, na Mwana_Chicago anasema ni kofia. Sawa. Mbona basi Jones hakumpa mwingine? Katika upande ule ule walikuwepo kina Hendon na Trotter, wenye miaka mingi zaidi na wanaomjua Jones vizuri zaidi. Mswada wa kurekodi mahojiano haukuhitaji tu kuletwa. Ulihitaji mtu ambaye polisi wangekubali kukaa naye wiki baada ya wiki. Sifa hiyo aliijenga katika ile miaka sita ambayo mnaihesabu kuwa tupu.

#15 Kijana_wa_Goma

Salamu kutoka Goma. Mwanzisha uzi, sifa hiyo aliijenga wapi hasa, kamatini au kwenye karata? Maana inajulikana kwamba alicheza poka kila wiki Springfield na kina Terry Link, Denny Jacobs na Larry Walsh, wazungu wa wilaya za nje ya jiji, pamoja na watu wa ushawishi wa makampuni, na mchezo wenyewe wakauita kikao cha kamati. Waliocheza naye walisema alikuwa mwangalifu mno, hatupi fedha mpaka awe na karata nzuri mkononi. Mpemba_Halisi amepata jibu lake la #11 bila kwenda mbali.

Kwetu Kongo wabunge wa majimbo ndio wanaowachagua maseneta wa taifa na magavana, kwa hiyo mambo ya nani anakaa na nani jioni tunayachukulia kwa uzito mkubwa. Hakuna kura inayoanzia ukumbini.

#16 Nyanza_Juu

Naona mmeacha bahati ya 2004. Peter Fitzgerald wa Republican, aliyekuwa na kiti cha Seneti ya Marekani, alitangaza kwamba hatagombea tena. Carol Moseley Braun, aliyekipoteza mwaka 1998 na ambaye angeweza kukidai, aliamua kuwania urais. Blair Hull, tajiri aliyeshindana naye ndani ya Democratic, alimwaga mamilioni ya dola zake katika mchujo, kisha habari za talaka yake zikamwangusha. Obama akapata asilimia 53 katika kundi la wagombea saba. Jack Ryan wa Republican naye akajitoa kwa habari za talaka, akaletwa Alan Keyes kutoka Maryland, na Novemba matokeo yakawa 70 kwa 27. Karani, kati ya yote hayo, Emil Jones aliandika talaka ya nani?

#17 Hesabu_Kwanza

Kwa faida ya wasomaji: Fitzgerald mwenyewe alitoka Seneti hiyohiyo ya Illinois, na Moseley Braun alikuwa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo kuanzia 1979 hadi 1988. Harold Washington, aliyekuwa meya mweusi wa kwanza wa Chicago mwaka 1983, alipitia mabaraza yote mawili ya Springfield kuanzia 1965. Njia ilikuwa imeshakanyagwa kabla ya Obama. Ukitaka kumpima, mpime dhidi ya waliopita hapo, usimpime peke yake.

#18 Mgombea_Mstaafu

Na dhidi ya waliobaki hapo. Michael Madigan aliingia katika Baraza la Wawakilishi la Illinois mwaka 1971 na kutoka 2021, akiwa spika karibu wakati wote tangu 1983. Huyo ndiye aliyeifanya kazi ya jimbo kuwa kazi ya maisha, kwa maneno ya Bibi. Mwaka 2025 alipatikana na hatia ya rushwa, akahukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu. Tukisema Springfield hujenga watu, tuseme pia ilimjenga nani mwingine, kwa mlango gani, na nani aliyeushika ufunguo.

#19 Sheria_na_Haki

Mkuu wa #18, hata hivyo kiti cha Wilaya ya 13 hakikuishia kwa Obama. Alipojiuzulu Novemba 2004 hakukuwa na uchaguzi mdogo. Viongozi wa chama wa eneo hilo ndio waliomteua Kwame Raoul, mwana wa wahamiaji kutoka Haiti. Raoul ndiye aliyeusimamia katika Seneti mswada wa kufuta kabisa adhabu ya kifo, ambao gavana Pat Quinn aliusaini Machi 2011. Sasa ni mwanasheria mkuu wa jimbo. Aliingia bila kura ya mwananchi hata mmoja, na akaikamilisha kazi ambayo mtangulizi wake aliianza kwa kamera ndani ya chumba cha mahojiano. Wewe uliyeenguliwa ungemhesabu upande gani?

#20 Mgombea_Mstaafu

Sheria naihesabu kuwa njema, na waliookolewa nayo nawafurahia kwa moyo wote. Uteuzi wa mlango wa ndani bado naupinga. Wananchi wa wilaya ile walistahili kuulizwa mwaka 1996, na walistahili kuulizwa tena mwaka 2004.